Nilivyofunga kipimaupepo, na magharibi iliponipotea

Kasi ya upepo haikunisumbua sana. Kilichonila siku nyingi ni mwelekeo, na ndiyo maana nimeona niandike, kwa sababu maelekezo niliyoyasoma yalieleza vikombe kwa kirefu halafu mshale yakaupitia juu juu.

Kifaa chenyewe ni cha kawaida: vikombe vitatu vinavyozunguka, mshale wa upepo, na waya mmoja kwa kila kimoja. Chini ya vikombe kuna sumaku na swichi ndogo inayojifunga kila sumaku inapopita. Kwa kifaa changu, pigo moja kwa sekunde ni sawa na kilomita 2.4 kwa saa. Mshale nao una swichi 8 ndani yake, kila moja na rizista, yaani kipande kinachozuia umeme, ya kiwango chake. Ukigeuka, volti inayofika kwenye mikrokontrola, ile kompyuta ndogo inayosoma vipimo, hubadilika, na programu inatambua upande kutokana na volti hiyo.

Mara ya kwanza nilikifunga ukingoni mwa paa kwa sababu palikuwa karibu na umeme. Wiki nzima mshale ulizunguka kama uliochanganyikiwa, hata siku ambazo matawi ya miti yote yalilalia upande mmoja. Kumbe upepo ukigonga ukuta hupanda, hubanwa ukingoni ukaongeza kasi, kisha hujiviringisha nyuma yake. Nilikuwa napima nyumba yangu, si upepo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kipimaupepo kiwe mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi, na kiwe mbali na kizuizi chochote angalau mara 10 ya kimo cha kizuizi hicho. Mti wa mita 5, basi, unadai mita 50. Sikuwa na uwanja wa kutosha kutimiza yote, lakini nilipata sehemu ya wazi, nikanunua bomba la chuma na kusimamisha mlingoti wa mita 6, umeshikwa kwa nyaya pande tatu. Nilitumia pimamaji pande mbili za bomba, maana vikombe vikiinama havizunguki sawasawa. Waya wa ethi, unaopeleka umeme wa radi ardhini, niliufunga siku hiyohiyo. Chuma kilichosimama peke yake mahali pa wazi hakingoji kesho.

Kisha ikaja kazi ya kuutafutia mshale kaskazini. Mwili wa mshale una alama inayotakiwa kutazama kaskazini, na alama hiyo ikikosea, kila kipimo kitakosea kwa kiasi kilekile na hutagundua kamwe. Nilianza na dira, nikaiweka karibu na bomba, sindano ikavutwa na chuma. Hata ningesogea mbali, dira huonyesha kaskazini ya sumaku, ambayo katika sehemu nyingi za dunia haipo sawa na kaskazini halisi. Nikaiacha. Nilifungua ramani ya setilaiti, nikachora mstari kutoka mlingotini kwenda kaskazini moja kwa moja, ukaangukia kona ya jengo refu ninaloliona vizuri kutoka pale. Kona hiyo ndiyo ikawa kaskazini yangu.

Lakini mshale hufungwa mlingoti ukiwa umelala, na ukiuinua lazima ujisokote kidogo. Niliuinua na kuulaza mara tatu kabla ya kupata ufumbuzi ambao sasa ningemwambia kila mtu aanze nao: nikiwa bado chini, nilichora mstari wa rangi kutoka kwenye ile alama ya kaskazini hadi kwenye kitako cha bomba. Mlingoti uliposimama, nilizungusha kitako tu mpaka mstari ukatazamana na ile kona, ndipo nikakaza spana.

Kwenye programu nilikutana na mambo mawili. Asubuhi moja tulivu skrini ilionyesha kasi ya kimbunga. Swichi ikijifunga huruka-ruka kwa muda mfupi mno, na pigo moja likahesabiwa mengi. Niliiambia programu ipuuze pigo lolote linalokuja kabla ya milisekunde 10 kupita. Hapo hakuna kinachopotea, kwani mapigo yanayofuatana kwa milisekunde 10 yangekuwa upepo wa kilomita 240 kwa saa.

La pili ni wastani. Kaskazini ni nyuzi 0, na upepo wake huyumba kati ya nyuzi 350 na nyuzi 10. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 180, yaani kusini! Dawa yake ni kukigawa kila kipimo katika sehemu mbili, ya kaskazini-kusini na ya mashariki-magharibi, kwa kosaini na saini, ukajumlisha kila sehemu kivyake, ndipo ukarudisha jibu kuwa nyuzi. Na mshale huonyesha upepo unakotoka. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kukariri hilo: kaskazi ni upepo utokao kaskazini.

Nilidhani nimemaliza, mpaka ikanyesha mvua kubwa. Baada ya hapo upepo wa magharibi ukatoweka kabisa kwenye data. Siku ambazo uliupiga uso wangu nikiwa nimetazama magharibi, programu iliandika kaskazini-magharibi. Mashariki haikutetereka hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo iliyonionyesha njia. Kwenye mshale wangu mashariki ni rizista ya kiloomu 1 (kiloomu ni kipimo cha uzuiaji wa umeme), magharibi ni ya kiloomu 120. Maji yakiingia kwenye kiungo, umeme hupata njia ya pembeni. Kwa rizista ndogo njia hiyo si kitu, lakini kwa ile kubwa inatosha kuiteremsha ifanane na ya jirani, kaskazini-magharibi, yenye kiloomu 65 hivi. Nilipofungua tepu niliyoizungushia kiungo, matone yakadondoka. Niliukata waya, nikalehemu upya, nikaufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na waya wote nikaupindisha ushuke kidogo kabla ya kuingia kwenye boksi ili maji yadondokee nje.

Sasa nahifadhi wastani wa dakika 10, na pembeni yake mvumo mkali kuliko yote uliodumu sekunde 3, kama vituo vya hali ya hewa vinavyofanya. Mita zangu 6 si mita 10, na upande wa kusini kuna mti ulio karibu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo kila faili nalianza kwa mstari uleule: kimo mita 6, mti kusini, kaskazini halisi.