Maji, adui yangu

Leo nimefungua simu tatu, zote zimeingia maji. Ya mwisho kaileta mzee mmoja mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, ameizika kwenye mfuko wa mchele. "Fundi, imelala humu siku mbili." Mchele hauondoi chumvi, lakini mzee huwezi kumjibu hivyo. Nikaifungua. Kutu ya kijani imetambaa kwenye bodi nzima. Nimesugua kwa mswaki na spiriti mpaka vidole vikafa ganzi. Haikuwaka.

Nilipofunga kibanda, hapa Ngamiani, nikajikuta nacheka peke yangu. Mimi napigana na maji kutwa, kumbe wapo watu wanaoyatuma yafanye hesabu! Mwaka 2003, huko Uingereza, Chrisantha Fernando na Sampsa Sojakka walitikisa maji kwa mota ndogo zilizofuata sauti ya mtu akitamka "moja" au "sifuri". Kamera ikachukua picha za mawimbi, programu nyepesi ikayatazama na kubagua neno lipi ni lipi. Kazi nzito ilikwisha kufanywa na mawimbi. Si ajabu sana kwa mtu wa Tanga: yule mzee hutazama maji yanavyokunjamana juu, akajua chini pana mwamba.

Siku hizi watafiti wengine wanajaribu feroflidi, kioevu kinachovutwa na sumaku. Hii aliibuni Steve Papell wa NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1963, akitafuta namna ya kuvuta mafuta ya roketi kwa sumaku mahali pasipo uzito. Ni kioevu chenye chembe za oksaidi ya chuma, nyingi zina upana wa nanometa 10 hivi (milimita moja ni nanometa milioni), kila moja imepakwa utando usiiache igandane na mwenzake. Pitisha umeme, chembe zinajipanga. Umeme unaofuata unakuta njia si ile ya kwanza. Kioevu kimekumbuka. Wamekwisha kukifundisha kutambua tarakimu.

Nina shaka yangu, maana mwisho wa yote ni nyaya na kompyuta ya kawaida inayosoma majibu. Ila kitu kisicho na kioo cha kupasuka, fundi lazima akitamani kidogo.

Mzee alipoondoka aliuliza jambo moja tu: namba za wateja wake wa pweza zitapatikana? Simu ni ya zamani, namba zimo kwenye laini. Laini nimeisugua, nimeiweka juu ya kifuniko cha soda ikauke. Kesho asubuhi naijaribu kwenye simu yangu.