Babu alizaliwa mwaka gani? Namna ya kuandika wasifu wa mzee

Huku kwetu Tabora na Kigoma, wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi. Wazee wamechoka, chai imepoa, na mjukuu anayejua kuchapa haraka kwenye simu anaulizia majina gizani. Ndiyo maana mzee wa miaka 88 anazikwa na miaka 105, na kazi yake ya miaka 40 inamalizwa kwa sentensi moja: "Alilitumikia kanisa kwa muda mrefu." Wazee waliokaa mstari wa mbele wanatazamana tu.

Kazi hii hufanywa mzee akiwa hai, na huanza na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mambo mengine yote hupimwa kwa huo.

Kitambulisho usikiamini moja kwa moja. Ukiona tarehe 1 Januari au 1 Julai, ujue mara nyingi ni karani aliyejaza nafasi. Usimuulize babu "ulizaliwa lini", maana atakutajia mwaka aliokwisha kuuzoea kwenye fomu. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani jambo fulani lilipotokea, kisha mwonyeshe mtoto aliyeko uani: "Babu, ulikuwa kama huyu, au kama yule mwenye ndoo?" Hapo hakosei sana.

Mambo ya kumpimia ni yale yaliyogusa kila nyumba. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hiyo itakusaidia kwa baba yake. Reli ya kwenda Mwanza ilikamilika 1928. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyokuwa imezamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ilirudi kazini Mei 1927. Nzige wekundu walikula mashamba mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vita ya pili ilikuwa 1939 hadi 1945, na waliokwenda Bama (Burma) walipigana huko 1944 na 1945. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofika mpaka Urambo, ulidumu kuanzia 1947 hadi 1951. Mkutano wa TANU wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia) ulifanyika Tabora Januari 1958. Kwa watu wa Ujiji, Kibirizi na vijiji vya pwani ya ziwa, maji yaliyopanda baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 hayasahauliki. Utemi, yaani uchifu, uliondolewa kisheria 1963, kwa hiyo mzee anayekumbuka baraza la mtemi au la mwami akiwa mtu mzima hakuzaliwa 1955.

Chukua mambo matatu, si moja. Tuseme babu anasema trekta za karanga zilipoingia Urambo alikuwa anachunga ng'ombe peke yake na hajaota ndevu. Huyo ni mtoto wa miaka 11 hadi 14 mwaka 1947 au 1948, yaani alizaliwa kati ya 1933 na 1937. Anasema uhuru ulimkuta ana mtoto mmoja anayetembea. Inalingana. Anasema mama yake alimbeba mgongoni wakati wa nzige. Basi sogea upande wa 1933. Andika "yapata 1933" na uache hapo. Mambo mawili yakipingana, amini lile linalohusu mwili wake (ndevu, kuchunga, kubebwa) kuliko lile alilosimuliwa.

Shule inapotosha. Zamani mtoto aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 9, 10 hata 12, kwa hiyo ukitoa saba kwenye mwaka wa kuanza shule utampunguzia umri. Na jihadhari na "alizaliwa baba yake akiwa vitani". Hesabu hiyo ifanye kimya kimya. Matokeo yake si ya kusomwa kwenye kipaza sauti.

Sasa dini. Kwa Wakatoliki kuna hazina: kitabu cha ubatizo cha parokia. Kila aliyebatizwa ana namba, na kipaimara na ndoa huandikwa pembeni ya mstari uleule, hivyo ukipata mstari mmoja umepata tarehe tatu. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini: natus ni kuzaliwa, patrinus ni baba wa ubatizo. Ukiona circa mbele ya mwaka, padre alikisia kwa macho, hasa kwa waliobatizwa wakubwa baada ya kusoma ukatekumeni kwa miaka. Kosa la kawaida ni kwenda parokia ya leo. Parokia nyingi zimezaliwa na nyingine, na kitabu kilibaki kwa parokia mama; kwa upande wa Nzega huenda ukalazimika kurudi Ndala, misheni ya tangu 1896. Nenda na jina la ubatizo kamili na jina la baba yake. Jina la utani alilojulikana nalo kijijini halimo kitabuni.

Kwa Waislamu msikiti hauna kitabu cha aina hiyo. Uliza alihitimu Kurani kwa maalimu gani, na kama alikuwa wa twarika, kama ana ijaza (hati ya idhini kutoka kwa shehe wake). Hiyo huwa na tarehe ya Hijria. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622: mwaka 1372 unakupa 1952 kuelekea 1953. Kumbuka pia kwamba miaka 33 ya Hijria ni 32 ya kawaida. Na kwa kuwa maziko ya Kiislamu hayangoji, wasifu wenye urefu wowote subiri hitima au arobaini.

Utumishi ndipo panapoharibika zaidi. Usiandike "alifanya kazi TRC tangu 1955". TRC, Shirika la Reli Tanzania, ilianza 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kabla ya hapo, tangu 1948, ilikuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na kuanzia 1969 Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mabaharia wa Liemba nao walikuwa watu wa reli, jambo linalowashangaza wajukuu. Taja cheo chenyewe: gadi, fayamani, mtu wa gengi, stesheni masta. Babu aliyekwenda mkonge hakuwa "mfanyakazi wa kilimo", alikuwa manamba (kibarua wa mkataba), na kipande kimoja, yaani kadi yake ya kazi, kilikuwa siku 30 za kazi. Uliza alimaliza vipande vingapi na shamba gani. Mvuvi wa dagaa uliza kama kipe, chombo cha kuvulia, kilikuwa chake au alivulia cha mtu. Katekista uliza vigango (makanisa madogo ya parokia) vingapi, umbali gani, kwa baiskeli au kwa miguu. Jibu moja la namna hiyo linashinda sifa kumi.

Mahali pia pana mtego. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wengi, Kigoma hasa. Kijiji kilichoko kwenye kitambulisho huenda si alikozaliwa. Uliza jina la mahame, yaani kijiji cha zamani kilichohamwa, na makaburi ya wazazi wake yako wapi.

Familia: andika karatasi moja kwa kila mke, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliofariki wachanga. Mbele ya kila mtoto weka idadi ya watoto wake. Jumlisha mara mbili, na acha watu wawili tofauti wafanye hivyo. "Watoto 11, wanne wametangulia, wajukuu 43, vitukuu 19" hukaguliwa papo hapo na wahusika waliokaa kwenye jamvi. Mtoto wa nje ya ndoa, wazee wa ukoo waamue kabla, chumbani. Ukimwacha kimyakimya, atakuja kuulizwa kwenye kikao cha kuteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho ndio unaokwenda Mahakama ya Mwanzo.

Urefu: dakika tano. Msomaji mtulivu husoma maneno kama 120 kwa dakika, basi maneno 600, kurasa mbili za A4 kwa herufi kubwa. Chapisha, simu huzima, na jua la saa nane linafuta kioo. Msomaji awe mjukuu, si mtoto wa kuzaa, ambaye kilio humshika kwenye jina la mama.

Na fundi wa msalaba wa kaburi hakusubiri. Anapaka rangi asubuhi na mapema, wasifu ukiwa bado unabishaniwa. Mpelekee mwaka peke yake, bila tarehe wala mwezi, umeandikwa kwenye karatasi. Usimtumie kwa mdomo wa mtoto.