Faili zetu zote zina jina moja

Nina mwaka wa tatu nazitunza seva za shule, zote Ubuntu (mfumo wa Linux), na ninachojivunia ni hiki: ukiniuliza leo nimegusa nini ndani ya /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, nakujibu kwa amri moja. Zamani ningehitaji siku nzima, na bado nisingekuwa na uhakika.

Nilianza na ushauri ambao hadi leo unaniudhi. Kaka mmoja mzoefu aliniambia, "Mdogo wangu, faili kuu usiiguse. Andika ya kwako kwenye folda inayoishia na .d, jina la faili lianze na 99. Inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda." Hapo mwanzo alisema kweli: programu ikija na toleo jipya, faili yako haiguswi. Ni hayo ya mwisho yaliyoniumiza.

Nilitaka kuzima kuingia kwa nenosiri kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), funguo tu zibaki. Nikaandika /etc/ssh/sshd_config.d/99-local.conf, ndani yake PasswordAuthentication no, nikawasha huduma upya, nikaenda kulala na moyo mweupe. Wiki kadhaa baadaye nafungua auth.log, kumbukumbu ya majaribio ya kuingia, nakuta mistari ya "Failed password for root" imejaa ukurasa baada ya ukurasa. Kama nenosiri limezimwa, linakosewaje?

Nilikesha jioni mbili na bando la kama elfu tano. Nikasahihisha herufi ambazo hazikuwa na kosa, nikaandika mstari uleule tena kwenye faili kuu, wapi! Hatimaye nikaendesha sudo sshd -T, amri inayoonyesha mipangilio inayotumika kweli. Ikajibu: passwordauthentication yes. Nikatazama ile folda vizuri. Jirani wa faili yangu alikuwa 50-cloud-init.conf, mstari mmoja tu ndani yake: PasswordAuthentication yes. Na sshd, programu ya SSH upande wa seva, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, zinazofuata inazipuuza. Faili kuu nayo inaziita hizo za .d pale juu kabisa, ndiyo maana hata kule sikufua dafu. Nikabadilisha jina liwe 00, mambo yakakaa sawa. (Ukifanya hivi, dirisha la pili la SSH liache wazi mpaka uhakikishe unaingia.)

Kwenye sysctl.d (mipangilio ya kernel, kiini cha mfumo) ni kinyume, huko wa mwisho ndiye anayeshinda. Lakini usiandike 100 ukidhani itakuwa baada ya 99: majina yanapangwa kama kamusi, si kama hesabu, kwa hiyo 100 inatangulia hata 50.

Nukta nayo inahitaji uangalifu. Niliweka backup.sh kwenye /etc/cron.daily, folda ya kazi za kila siku, na haikuwahi kukimbia hata siku moja, kwa sababu run-parts, amri inayoziendesha faili za folda hiyo, huruka jina lenye nukta, wala hailalamiki. sudoers.d, folda ya ruhusa za sudo, ina tabia hiyohiyo. Siku hizi kabla ya kuamini chochote naendesha run-parts --test /etc/cron.daily nione kama jina langu limo.

Sasa ule ujanja wenyewe. "Local" ni neno la kila mtu, ukilitafuta unaletewa na vitu visivyo vyako. Nikachagua neno "yetu", ambalo sijalikuta kwenye faili yoyote iliyokuja na mfumo. Kwa hiyo tuna 00-yetu.conf kwenye SSH, 99-yetu.conf kwenye sysctl, nakala-yetu kwenye cron. Mstari wa kwanza wa kila faili una tarehe na sababu, hata kama ni maneno matano. Halafu:

sudo find /etc -name '*yetu*'

Tulipohamia seva mpya yenye Ubuntu 24.04, amri hiyo iliniletea faili 11. Nikazisoma moja moja, mbili nikaziacha kwa kuwa sababu zake zilishakwisha, tisa nikazihamisha kabla ya chai ya saa nne. Kule kwenye seva mpya 50-cloud-init.conf ilikuwepo vilevile, na yes yake. Nikaendesha sshd -T. Ikajibu no.