Nilivyojifunza kuwatambua vitwitwi wa Mida

Mimi na mume wangu tunaishi Nakuru, na kwa miaka mingi tulijiona wajuzi wa ndege, kwa kuwa heroe na mwari wa ziwa letu hutambulika hata ukiwa ndani ya gari. Ujuzi huo haukumaliza asubuhi moja kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, tulikokwenda mwezi wa Januari. Nilipiga picha zaidi ya 300 za vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, nikarudi chumbani, nikafungua kitabu cha kutambulia ndege, nikakuta kila ukurasa unafanana na kila picha: mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, mdomo mweusi. Ifikapo Januari, wengi wa wageni hawa wa kaskazini huwa wamekwisha kuvua rangi zao za msimu wa kuzaliana.

Kosa jingine lilikuwa la wakati. Tulifika maji yamekupwa na ndege wametawanyika mbali kwenye tope, ambako lenzi yangu ya milimita 400 iliwafanya vidoa tu. Mwongozaji, kijana wa hapo hapo, alinitazama nikihangaika, kisha akasema kwa upole, "Mama, weka kamera chini kwanza. Mtazame anavyokula, halafu uniambie ni nani. Na kesho mje maji yakiwa yanajaa."

Siku hizo zilikuwa za bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na maji yalijaa alasiri. Kesho yake tuliingia katika kibanda cha kutazamia ndege mapema, maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Kadiri tope lilivyofunikwa, ndege walisukumwa kuelekea kwetu, hata baadhi yao wakawa kama mita 30 tu kutoka tulipoketi. (Daraja la mbao linalopita mikokoni kwenda kibandani huning'inia na hutikisika kila mtu anapopiga hatua, picha zote nilizopiga juu yake nilizifuta.)

Tuligawana kazi. Mume wangu alishika darubini na kutaja anachokiona, nami nikaandika daftarini kabla ya kugusa kamera: urefu wa mdomo ukilinganishwa na kichwa, rangi ya miguu, namna ya kutembea. Wa kwanza kujitenga na kundi alikuwa kitwitwi aliyekimbia ameinama, shingo mbele, kama mtoto anayemfukuza kifaranga, akigeuka ghafla kila kaa alipokwepa. Mdomo wake ulipinda kuelekea juu na miguu yake ilikuwa ya rangi ya chungwa. Huyo ni Xenus cinereus, ambaye huzaliana hasa Urusi, na katika picha zangu za jana alikuwamo mara kumi na moja bila mimi kumjua.

Niliyemtamani zaidi ni Dromas ardeola, mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa ndege mkubwa kuliko yeye. Huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni, Oman ikiwamo, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa jamii ya ndege wa ufukweni. Weupe wake uliungua katika picha za mwanzo, hadi nilipopunguza mwanga kwa hatua moja nzima, ndipo manyoya ya kifuani yakaonekana. Mmoja alifuatwa na mwenzake wa kijivu aliyelialia bila kukoma. Ni mtoto wake, kwani makinda ya ndege hawa huendelea kulishwa na wazazi hata baada ya safari ndefu ya kuja huku. Mzazi alimkamata kaa, akampa. Nilikuwa nimebonyeza kitufe sekunde moja kabla, nikapata kaa akiwa bado mdomoni mwa mzazi.

Vitwitwi wengine wadogo, wale wa aina mbili wanaotofautiana kwa unene wa mdomo na urefu wa mguu tu, bado wamo katika faili niliyoiita "Sijui". Mume wangu ana hakika na sita kati yao. Mimi sina.