Amitriptilini na tundu la sindano

Mimi ni fundi cherehani. Siku ya tano ya kumeza amitriptilini, dawa ya sonona, nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Tundu naliona mawili, uzi unapita pembeni, mpaka nikamwita kijana ninayemfundisha kazi.

Kabla ya hapo nilikuwa na miezi minne ya kuamka saa tisa usiku, chakula hakipandi, vitambaa vya watu vimerundikana. Daktari alisema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Akaniuliza kuhusu moyo, presha ya macho, na kama mkojo unatoka vizuri. Nilishangaa mkojo unahusianaje na huzuni.

Nilikuja kuelewa. Seli za ubongo hupeana ujumbe kwa kemikali kama serotonini na noradrenalini, kisha seli iliyotuma huzifyonza tena. Amitriptilini huzuia ule ufyonzaji, kemikali zikabaki kazini muda mrefu zaidi. Ila ni dawa ya zamani, mkono wake mpana. Hugusa na asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe mwilini, ndipo mdomo unakauka kama umelamba unga, choo kinakuwa kigumu, mkojo unasita kutoka, macho hayashiki vitu vya karibu. Hugusa na histamini, kemikali inayosaidia kutuweka macho, ndipo usingizi. Ndugu yake wa kwanza, imipramini, daktari Roland Kuhn aliijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, huko Uswisi miaka ya 1950. Ikaja kuonekana inawafaa wenye sonona.

Kilichokaribia kunishinda ni kwamba maudhi yalikuja wiki ya kwanza, nafuu ikaja ya nne. Wengi huacha hapo katikati, na siwalaumu. Nilianza na miligramu 25 usiku, tukapanda polepole hadi 75. Nikahamisha kidonge kutoka saa nne hadi saa mbili usiku, asubuhi kichwa kikawa chepesi. Kabla ya kusimama nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, maana mara moja kizunguzungu kilinitupa ukutani. Papai kila jioni. Pombe nikaacha kabisa.

Dawa nilipewa za wiki mbili mbili tu. Nyingi kwa mpigo huvuruga moyo na zinaua, na daktari alisema wazi kwamba mtu mwenye sonona hakai nazo peke yake. Mke wangu, Mama Salma, akazifungia kabatini, ufunguo anao yeye.

Sasa tunapunguza, 75 hadi 50. Nilijaribu kuacha ghafla mara moja: kichefuchefu, jasho, usiku mzima macho. Mama Salma hakunisemesha siku mbili.