Nguva wa Pemba

Jana jioni hapa Wete nilikaa na mzee mmoja mvuvi, anashona jarife lake, wavu mkubwa wa kuvulia samaki, sindano inaingia na kutoka huku akitupa hadithi ya nguva: mwanamke nusu samaki, anamnyonyesha mwanawe kifuani. Watoto wakaogopa. Mimi nikafurahi, maana hilo la kunyonyesha ni kweli kabisa! Nguva wa kweli, yule mnyama wa baharini, ana chuchu karibu na makwapa, anavuta pumzi kama sisi, anakula nyasi za baharini, mimba yake hupita mwaka na huzaa mtoto mmoja. Akinaswa kwenye jarife hawezi kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji. Tanzania wamebaki wachache mno, zaidi upande wa Rufiji na Mafia. Wavuvi wetu, tafadhalini, mkimkuta yu hai mkatieni nyavu aende zake.