Mdogo wangu alikataliwa kazi Ufaransa, hivi ndivyo tulivyotatua

Simu ilinikuta Kadutu, mjini Bukavu, usiku, umeme umekatika. Mdogo wangu, mwanafunzi Lyon, alikuwa karibu kulia: "Yaya (ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake), bosi wa duka la mikate anadai kibali cha kazi. Nitakitoa wapi?" Mama aliuza vitenge vyake vyote kwa ajili ya tiketi ya huyu mtoto. Sikulala.

Kumbe viza ndefu ya mwanafunzi yenyewe inaruhusu kazi, hadi saa 964 kwa mwaka, yaani asilimia 60 ya saa 1607 za mfanyakazi wa kawaida. Hakuna kibali kingine cha kuomba. Ila viza hiyo lazima ithibitishwe kwenye intaneti ndani ya miezi 3 tangu kufika. Nikamwuliza kama alithibitisha. Kimya. Zilikuwa zimebaki siku 9.

Tulifanya pamoja, yeye akinitumia picha za skrini, mimi nikimsomea polepole: namba ya viza, tarehe ya kuingia iliyogongwa kwenye pasipoti, anwani, halafu malipo ya stempu ya kielektroniki. Uthibitisho ukatoka. Akampelekea bosi, akamweleza na wajibu wake: kutoa taarifa prefekture, yaani ofisi ya serikali ya eneo, angalau siku 2 za kazi kabla mwanafunzi hajaanza. Bosi hakuwa akilijua hilo. Aliposoma, akasaini mkataba.

Sasa anaandika saa zake kwenye daftari, na kila Jumapili ananisomea. Saa 18 kwa wiki, asizidishe, maana akizidisha anaweza kunyang'anywa ukaazi. Staji, yaani mazoezi ya kazi ya masomo yenye mkataba wa chuo, haihesabiwi humo.